Nimemwambia mzee anunue ya petroli, na roho inaniuma

Najua nimepotea. Karibu wiki tatu sijaandika neno hapa, na mlioko chuo mnajua sababu: testi zimefuatana kama daladala za Mwenge, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki. Leo nimepata upenyo, nataka nitue mzigo ambao natembea nao tangu Jumapili.

Jumapili jioni nimekaa nje ya hosteli, simu ikaita. Mzee. Sasa mzee wangu kwa kawaida anabipu, halafu mimi ndiyo nitafute vocha. Ukiona kapiga mwenyewe ujue nyumbani kuna jambo. Nikapokea moyo unadunda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula." (Sikuwa nimekula, lakini tuyaache hayo.)

"Sasa sikiliza. Kahawa mwaka huu imetupa kidogo. Mimi na mama yako tumekaa tukaona tumnunulie kaka yako pikipiki yake mwenyewe. Amechoka kuendeshea watu. Sasa yeye anasema amesikia huko Kigali kuna pikipiki hazinywi petroli, unachomeka ukutani kama simu. Wewe ndiye uko chuo kikuu. Tununue ipi?"

Nikamwambia mzee nipe siku tatu. Akasema sawa, tatu, si nne.

Kwa wale mnaodhani Kagera yote ni Bukoba: Bukiriro ni kata katika wilaya ya Ngara, kule Tanzania inakokutana na Rwanda na Burundi. Ni milima, migomba na kahawa. Kutoka hapa Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Braza wangu anaendesha bodaboda ya mkataba, yaani pikipiki ni ya mtu, kila wiki anapeleka hesabu, na mkataba ukiisha bila kukosa hesabu chombo kinakuwa chake. Mara mbili amekaribia kumaliza, mara mbili mambo yameharibika. Kwa hiyo hela hii ya kahawa si ya kuchezea. Nikikosea mimi, anayeumia ni yeye na wanawe watatu.

Chumbani kwetu mjadala wa magari ya umeme na ya petroli umeshafanyika mara nyingi, tena kwa kelele. Tunaongelea Tesla ambazo hakuna hata mmoja wetu amewahi kuzigusa. Safari hii nikaona nichukue kalamu nipige hesabu ya mtu mmoja, kijiji kimoja.

Braza anatembea kama kilomita 100 kwa siku, kwenye milima, na mara nyingi nyuma kuna abiria na mkungu wa ndizi. Hapo tuseme inakunywa lita mbili na nusu. Petroli ya kijijini mara nyingi ni ya chupa, na anayeipanga barabarani naye anaweka chake juu ya bei ya kituo. Tuchukulie 3,500 kwa lita. Kwa siku ni 8,750. Mnaofuatilia bei za EWURA zinazotoka kila mwezi mnajua kwamba lita moja ikifika Kagera huwa ghali kuliko ikiwa Dar, kwa sababu imebebwa na lori nchi nzima. Agosti 2022 hapa Dar penyewe ilifika Sh 3,410. Sasa piga picha kule kwetu.

Pikipiki ya umeme kwa kilomita hizo hizo tuipe uniti tano, tukihesabu milima na unaopotea wakati wa kuchaji. LUKU ya bei ya kawaida Sh 1,000 inakupa uniti kama 2.8. Kwa hiyo uniti tano ni kama Sh 1,800. Tofauti ni karibu 7,000 kwa siku. Akifanya kazi siku 26, ni Sh 182,000 kwa mwezi. Kwa mwaka inapita milioni mbili. Bado sijahesabu oili ya injini, plagi, kabureta na safari za kwa fundi, maana mota ya umeme haina hivyo vitu. Jamani, milioni mbili Bukiriro ni mabati ya nyumba na ada za watoto.

Nilipofika hapo nikataka nimpigie mzee usiku ule ule nimwambie nunua ya umeme. Bahati nzuri sikuwa na salio.

Kwanza niwajibu washikaji wawili wa chumbani, maana hoja zao nimezisikia na kwa wengine pia.

Mmoja anasema umeme nao ni moshi tu, umehamishwa kutoka kwenye ekzosi kwenda kwenye mtambo. Miaka ya nyuma kwa Ngara angekuwa sahihi kabisa. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo iliwashwa na majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ilikuja na malori. Kuchaji pikipiki kwa umeme ule kungekuwa kichekesho. Lakini mambo yamebadilika. Pale Rusumo, kwenye maporomoko ya mto Kagera wilayani kwetu, kuna mtambo wa megawati 80 ambazo zinagawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, na laini kubwa inakwenda hadi Nyakanazi. Na huko Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Sehemu kubwa ya umeme wetu sasa ni maji, na unaobaki wengi ni gesi ya Songo Songo na Mtwara. Petroli yetu yote inatoka nje, kwa dola. Kwa hiyo hoja ya moshi hapa kwetu haina nguvu kama ilivyo kwenye nchi zinazochoma makaa ya mawe.

Mwingine anasema suluhisho ni haibridi, ile ya kuchanganya injini na betri. Toyota walianza kuuza Prius kule Japani mwaka 1997, na leo hapa Dar haibridi zilizotumika ziko barabarani, wengine wanazifanyia teksi za kwenye simu. Na mimi naikubali kwa kazi yake. Kwenye foleni ya Ubungo injini inazima, betri inasukuma, hutafuti pa kuchomeka. Hata kwetu, gari la namna hiyo likiteremka mlima linarudisha umeme kidogo kwenye betri badala ya kuunguza breki. Lakini Bukiriro usafiri wa watu si Prius. Ni bodaboda, baiskeli, miguu, na ile michomoko inayopakia watu wanane kwenye gari la watu watano. Na betri kubwa ya haibridi iliyotumika ikifa, fundi wa huko atakufungulia boneti, atakuangalia, halafu atafunga boneti. Haibridi ni ya mtu wa mjini mwenye gari. Mzee hajaniuliza habari ya gari.

Turudi kwenye pikipiki. Kwa nini Kigali wameweza? Hili nililisoma vizuri, maana ni majirani, kutoka Rusumo unawaona. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya bodaboda za umeme Kigali mwaka 2019, na wengine wakafuata. Ujanja wao mkubwa uko kwenye betri kuliko kwenye pikipiki yenyewe. Dereva ananunua pikipiki, betri hainunui. Betri ni ya kampuni. Ikiisha chaji anapita kituoni, wanamtolea hiyo wanamwekea iliyojaa, dakika chache anaendelea na kazi. Betri ikizeeka, hasara si yake. Halafu serikali ikaondoa ushuru kwenye vyombo vya umeme, na kuanzia Januari 2025 bodaboda mpya ya petroli haisajiliwi tena jijini Kigali. Kwa hiyo braza alichosikia kijiweni ni kweli, ila kasikia nusu. Hazichomekwi ukutani kama simu. Zinabadilishwa betri.

Na hapo ndipo ndoto yangu ilipoanza kuvuja.

Bukiriro hakuna kituo cha kubadilisha betri. Pikipiki ya umeme bila kituo maana yake betri inakuwa yako, na betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye chombo hicho. Chaji moja ya betri ndogo haimalizi kilomita 100 za milima na ndizi. Itabidi saa sita mchana aegeshe, achaji masaa matatu manne, wakati wenzake wanabeba wanafunzi na wagonjwa. Na siku umeme ukikatika kutwa nzima, na kwetu siku hizo zipo, hakuna kazi. Dereva wa petroli siku hiyo anatafuta chupa. Wa umeme anatafuta usingizi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka nilipokaa na hesabu. Nyumbani tuko kwenye ile bei nafuu ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti tano kwa siku 26 ni uniti 130. Yaani pikipiki peke yake inaitoa nyumba nzima kwenye bei nafuu. Mama akiwasha taa ya jikoni atakuwa analipa bei ya juu kwa sababu ya bodaboda ya mwanaye. Nadhani waliopanga ile bei hawakumfikiria mtu wa kijijini mwenye pikipiki ya umeme.

Na spea? Braza akipasua taili au akivunja klachi ya pikipiki ya petroli, mafundi wamejaa hadi chini ya miembe. Kifaa cha kuongoza mota ya umeme kikifa, nani anakitengeneza Ngara? Hakuna. Kitasafirishwa, na wiki mbili zitapita bila hesabu.

Jumatano, siku ya tatu, nikampigia mzee. Nikamwambia, mzee, nunua ya petroli.

Akauliza, "Una uhakika?"

Nikasema nina uhakika. Akanishukuru, akaniombea. Simu ilipokatika nikakaa pale pale kama mtu aliyefeli testi aliyoisomea.

Ngoja niwaambie kwa nini inaniuma, maana hii ndiyo sababu ya kuandika.

Wilaya yetu ya Ngara ndiyo yenye nikeli ya Kabanga. Utafiti wa mwaka 2025 unazungumzia akiba ya tani milioni 52 hivi za mwamba wenye nikeli karibu asilimia 2, pamoja na shaba na kobalti. Hivyo ni vitu vinavyowekwa kwenye betri za magari ya umeme ya dunia. Mwamba huo unajulikana tangu miaka ya 1970, kampuni kubwa zimekuja na kuondoka, na Januari 2021 serikali ilisaini mkataba mpya ambapo Tanzania ina hisa asilimia 16, na kiwanda cha kusafishia kimepangwa Kahama, pale ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Wapo watu wa wilaya yetu ambao imebidi wapishe ardhi yao kwa ajili hiyo. Uchimbaji wa kibiashara bado haujaanza. Kwa hiyo maji ya Rusumo yako kwetu, nikeli iko kwetu, na mimi, mtoto wa hapo hapo, nimemshauri baba yangu anunue chombo kinachokunywa mafuta ya Uarabuni.

Na msidhani nikeli itatusubiri. Hili nawaambia hasa mnaosoma uchumi. Betri nyingi za pikipiki za umeme, na za magari mengi ya Kichina siku hizi, ni zile za LFP, za chuma na fosfati. Hazina nikeli hata punje. Halafu Indonesia wamemwaga nikeli nyingi sokoni hadi bei ikaanguka, na mwaka 2024 BHP wakasimamisha shughuli zao za nikeli Australia. Julai 2025 BHP hao hao wakauza sehemu yao ya Kabanga wakaondoka. Kwa hiyo wanaosema kijiweni kwamba dunia haiwezi kuendesha gari la umeme bila sisi wa Ngara, wapunguze kidogo. Dunia inaweza. Sisi ndio hatuwezi kuendelea kukaa bila umeme kwenye barabara zetu, maana jirani zetu wa Burundi wametuonyesha njia nyingine inaishia wapi. Mwaka 2024 na 2025 nchi ilikosa dola za kununulia mafuta, magari yakakaa foleni siku kwa siku, nauli zikapanda, watu wakatembea. Malori ya mafuta yanapita Ngara kwenda kwao, tunayaona. Sisi tofauti yetu na wao ni bandari na dola kidogo. Ethiopia waliliona mapema, Januari 2024 wakakataza kuingiza magari ya petroli, sababu kubwa ikiwa hiyo hiyo ya dola zinazoteketea kwenye mafuta wakati wana umeme wa mabwawa.

Sasa mtu ataniambia, basi na sisi tukataze. Hapana. Ukikataza leo, Kigali anabadilisha betri, Bukiriro anatembea kwa miguu. Marufuku bila vituo ni adhabu kwa maskini. Ninachosema mimi ni kwamba tumeanzia pabaya. Kwenye magazeti gari la umeme linaongelewa kama habari ya gari la bosi, la kimya, lenye skrini kubwa. Hapa kwetu pa kuanzia ni bodaboda na bajaji, maana ndizo zinazotembea kutwa, ndizo zinazokula petroli kila siku, na mwenye nazo ndiye mtu ambaye Sh 7,000 kwa siku inambadilishia maisha. Mwenye gari la kwenda kanisani Jumapili hata likiwa la umeme anaokoa nini?

Na mimi naona vitu vitatu vingetosha kubadilisha jibu nililompa mzee. Cha kwanza ni kituo cha kubadilisha betri kwenye kila mji mdogo wenye bodaboda za kutosha: Ngara mjini, Kabanga, Rulenge, Nyakanazi, Biharamulo. Betri iwe ya kituo, mzigo wa kuzeeka kwake usiwe wa dereva. Cha pili ni bei ya umeme ya kuchajia vyombo, itengwe na ya nyumbani, ili mama asiadhibiwe. Cha tatu ni VETA wafundishe vijana wa kule mota na betri, kama walivyofundisha injini.

Kuna swali moja ambalo sitalikwepa, kwa sababu liko kwenye hela. Kwenye kila lita ya petroli kuna tozo ya Mfuko wa Barabara, na kuna inayokwenda Mfuko wa Nishati Vijijini. Yaani ile taa iliyo nyumbani kwetu, ambayo tuliunganishiwa kwa Sh 27,000 tu, sehemu yake imelipwa na petroli ya bodaboda wa nchi hii. Wote wakihamia umeme, barabara italipiwa na nini? Sioni ubaya wa kuweka tozo ndogo kwenye uniti za vituo vya betri, ndogo kuliko ya petroli. Lakini isemwe mapema, watu wasije wakaingia kwa bei moja wakaamka na nyingine.

Na sisi wa vyuoni? Makerere, wanafunzi na walimu wao walitengeneza gari lao la umeme la viti viwili, Kiira EV, wakalitoa barabarani mwaka 2011. Baadaye mwaka 2016 likaja basi la Kayoola lenye sola juu ya paa. Wengine walicheka kwamba ni maonyesho tu. Leo hiyo ni kampuni. Sisi tunaandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo, tunadesa, tunamaliza. Mimi mradi wangu wa mwaka wa mwisho nilikuwa nimepanga kufanya kitu chepesi nipate alama nitoke. Nimebadilisha mawazo. Nataka nipime pikipiki moja ya umeme kwenye mlima halisi wa Bukiriro, na mkungu wa ndizi nyuma, nijue inakula uniti ngapi kweli, maana zile tano za huko juu nimezikadiria mimi. Mwenye pikipiki ya kuazima anitafute. Nitairudisha ikiwa imeoshwa.

Jana braza amenipigia. Pikipiki wameishika, nyekundu, bado ina nailoni kwenye siti. Alikuwa anacheka peke yake kama mtoto. Akaniambia, "Mdogo wangu, hii sasa ni yangu, hakuna wa kuniuliza hesabu." Nikafurahi naye, kwa kweli nilifurahi. Halafu akaniaga, anasema ngoja apite kwa mama wa chupa kabla hajafunga.

Haya wadau, ngoja nikawahi kantini kabla maharage hayajaisha. Tuonane wiki ijayo, bumu likitoka.